Kusoma Anga la Usiku Ukiwa Tanga: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye boksi. Boksi lilionyesha Zohali na pete zake, rangi tele, na ubavuni pameandikwa kwamba chombo kinakuza mara 675. Nikaifunga nyuma ya baiskeli hadi nyumbani, nikaitega uani, nikaielekeza kwenye nyota ya kwanza iliyonivutia. Nikaona doa linalotetemeka. Miguu yake ya bati ilicheza kila nilipovuta pumzi. Usiku wa tatu mjomba wangu, aliyevua miaka mingi kabla magoti hayajamkataa, akatoka na kikombe chake cha kahawa akanikuta nimeinama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unatafuta nini humo?"

"Zohali."

"Kwa macho unaijua?"

Sikuijua.

"Basi unamtafuta mtu usiyemjua sura, tena kwa kuchungulia tundu la ufunguo," akasema, akaketi barazani.

Mwongozo huu unafuata njia ya mjomba: macho kwanza, vyombo baadaye. Nimeuandika kwa aliye Tanga mjini na vijiji vya pwani hadi Pangani. Aliye Bagamoyo yuko kusini yetu kwa digrii moja na ushei tu, kwa hiyo atautumia karibu wote bila kubadilisha kitu.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Watu wengi huanza kwa kupakua programu ya simu, kisha wanazunguka nayo uani kama wanaotafuta mtandao. Dira ya simu hudanganywa na chuma kilicho karibu, hata nondo za nyumba. Sisi wa pwani tuna dira isiyohitaji chaji. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na Tanga iko 39.1. Maana yake kibla chetu ni kaskazini kabisa, tofauti haifiki hata digrii 2. Kila mihrabu mjini inakuonyesha kaskazini. Simama ukielekea kibla: mkono wa kulia ni mashariki, iliko bahari, wa kushoto ni magharibi, iliko milima ya Usambara, mgongoni ni kusini. Hilo peke yake limewasaidia wanafunzi niliowafundisha kuliko programu yoyote.

Kisha jifunze kupima angani kwa mkono. Nyoosha mkono mbele yako, ufumbe ngumi: upana wa ngumi ni kama digrii 10. Shubiri, yaani kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole cha mwisho, ni kama digrii 20. Kidole cha mwisho peke yake ni digrii 1, na mwezi mzima ni nusu ya hapo. Huamini? Usiku wa mwezi mpevu jaribu kuuziba mwezi kwa kidole hicho. Unazibika na nafasi inabaki. Kutoka upeo wa bahari hadi utosini ni digrii 90, yaani ngumi tisa. Kuanzia hapa nikisema "ngumi nne juu ya upeo" utanielewa.

Hatua ya 2: Chagua usiku kwa kalenda ya wavuvi

Adui wa kwanza wa nyota ni mbalamwezi, na mawingu yanafuata nyuma yake. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kwa sababu zao: taa zao huwavuta samaki vizuri usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika wakishona nyavu. Kwa hiyo ukiona boti za dagaa zinajiandaa kutoka, nawe kunja mkeka wako utoke. Ukiwaona vijana wamekaa gengeni wiki nzima, baki nyumbani, au utazame mwezi wenyewe.

Siku nzuri zaidi ni kuanzia kama siku ya 24 ya mwezi mwandamo hadi siku ya 4 ya mwezi unaofuata. Lakini usizitupe siku zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku ya tano baada ya kupea, hauchomozi mpaka saa nne usiku na zaidi. Una saa tatu za giza safi, na watoto bado wako macho.

Sasa tahadhari ambayo sikuisoma popote. Usiku wa giza wa mwezi mwandamo ni usiku wa bamvua. Kwetu, siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne usiku na kujaa mnamo saa kumi alfajiri. Mara ya kwanza kulala ufukweni Mwambani nilitandika mkeka saa tatu, bahari iko mbali, mchanga umekauka, nikajisifu kwa kuchagua mahali pazuri. Niliamshwa na maji miguuni. Simu ilikuwa kwenye kiatu, na kiatu kilikuwa kinaelea. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji ya juu, kisha utandike juu yake kabisa.

Kuhusu majira: masika, Machi hadi Mei, anga hufunga wiki nzima, ingawa baada ya mvua kubwa huja usiku mmoja au miwili iliyooshwa vumbi lote, na hiyo usiikose. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni bahati nasibu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, na Juni hadi Septemba wakati wa kusi, ndiyo misimu ya kazi.

Hatua ya 3: Uende upande gani wa mji

Kanuni yangu ni moja: mji uwe kaskazini yako. Utajiri wa anga letu uko kusini, na mwanga wa mji huchafua upande ulioko mji. Ukiwa Mwambani, au ukiendelea na barabara ya Pangani hadi Tongoni kwenye magofu, taa za bandari, viwanda na Ngamiani zinabaki nyuma yako, na mbele kusini ni mikoko, minazi na giza totoro. Ukienda kaskazini ya mji unajinyima mwenyewe. Bagamoyo mambo yamegeuka: mwanga wa Dar es Salaam unakaa kusini na utauona kama alfajiri isiyokucha, hivyo sogea kaskazini ya mji, mbali nao kadiri unavyoweza.

Usiende peke yako. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au kijiji kwamba mtakuwa ufukweni na kwa sababu gani. Watu wanaokaa gizani hadi usiku wa manane wakiwa na mabomba ya chuma huzua maswali. Beba mkeka, shuka (Julai upepo wa kusi una meno), dawa ya mbu, chai ya tangawizi kwenye chupa, na kashata. Viti vya plastiki acha, shingo itauma. Anga linasomwa ukiwa umelala chali.

Hatua ya 4: Yape macho nusu saa

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na linapoteza mazoea hayo kwa sekunde moja ya taa nyeupe. Mtu mmoja akifungua ujumbe kwenye simu, kundi zima linaanza upya. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, kunja mara mbili, maana mwanga mwekundu hafifu hauliumizi sana jicho la gizani. Simu ipunguzwe mwanga hadi mwisho na programu iwekwe rangi ya usiku. Stellarium, programu ya ramani ya nyota, ina hali hiyo na ni bure. Iambie uko Tanga, uizoee ukiwa nyumbani mchana. Kumbuka tu kwamba 21:00 yake ni saa tatu yako. Kuna waliokwenda kusubiri tukio la "saa 9" wakakuta limepita saa sita nzima kabla.

Ukitaka kuona kitu hafifu, usikikodolee. Tazama kando yake kidogo. Ukingo wa jicho huona gizani kuliko katikati.

Hatua ya 5: Soma anga kwa majira

Hapa ndipo Tanga inapowazidi wengi. Mtu wa Uingereza haoni Msalaba wa Kusini maisha yake yote akiwa nyumbani, na mtu wa kusini ya mbali kama New Zealand haoni Dubu Mkubwa akiwa mzima. Sisi tuko digrii 5 tu kutoka ikweta, kwa hiyo mwaka ukizunguka tunaona karibu nyota zote zilizopo. Tunachokosa ni kimoja, nacho kinachekesha: nyota ya Jaa, nyota ya kaskazini wanayoisifia vitabu vyote, kwetu iko chini ya upeo. Ukisoma mwongozo wa kigeni unaokuambia "anza na nyota ya kaskazini", ufunge.

Januari na Februari. Anza na nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, zinang'aa sawasawa, nafasi sawa. Huo ni ukanda wa Jabari. Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, uko karibu utosini pako. Ukanda huu uko karibu juu ya ikweta, kwa hiyo popote duniani unapoonekana huchomoza mashariki barabara na kutua magharibi barabara, dira nyingine ya bure. Upande mmoja wa ukanda kuna nyota yenye wekundu, Betelgeuse. Upande wa pili kuna nyeupe yenye ubuluu, Rigel. Rangi hizo ni joto: nyekundu ni ya baridi zaidi, kama chuma cha mhunzi kinavyoanza wekundu kabla ya kuwa cheupe. Chini ya ukanda, upande wa Rigel, kuna doa la ukungu. Hilo ni wingu la gesi linalozaa nyota mpya, umbali wa miakanuru 1,300 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

Fuata mstari wa ukanda kuelekea kusini-mashariki utafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ukielekea kusini zaidi, ngumi nne na kitu juu ya upeo, kuna ya pili kwa mng'ao: Suheli. Manahodha wetu walilitumia jina hilohilo kwa maana ya kusini. Mjomba haiiti Canopus hata ukimlipa.

Fuata ukanda upande wa pili, kaskazini-magharibi, upite nyota moja nyekundu, ufike kwenye kishada kidogo kama kiganja cha vumbi linalometa. Hicho ni Kilimia, na jina lake limetoka shambani: kulima. Hesabu nyota zake. Wengi huona sita. Mwenye macho makali huongeza. Zipo mamia, umbali wa miakanuru 440 hivi. Wahenga walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nusu hiyo ya pili nimeihakikisha mwenyewe kwa kuandika tarehe. Mwanzoni mwa Mei, masika yamekolea, Kilimia kinaonekana chini magharibi baada ya magharibi, kila jioni chini zaidi, mpaka mwanga wa jua unakimeza. Kati ya mwezi wa Juni kinazuka mashariki kabla ya alfajiri, na mvua zimekwisha. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Methali hii ni kipimo cha anga kilichopangwa kama wimbo ili mkulima asikisahau.

Aprili hadi Juni. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, geuka kusini. Ngumi tatu na nusu juu ya upeo kuna nyota nne za umbo la tiara: Msalaba wa Kusini, umesimama wima. Kushoto kwake kuna mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu baada ya jua, miakanuru 4.4. Mwanga unaouona leo uliondoka kule miaka minne na zaidi iliyopita. Fikiria ulikuwa wapi wewe wakati huo. Msalaba ukiwa wima, shuka moja kwa moja hadi ardhini, hapo ndipo kusini.

Sasa usisogee, geuka tu uelekee kibla. Juu ya kaskazini kuna nyota saba za umbo la upawa, ila umepinduliwa kichwa chini: ni sehemu ya Dubu Mkubwa. Upawa na Msalaba hufika juu saa zilezile, na sisi tunaviona vyote kwa pamoja. Nikiwa na wageni huwa nawageuza hivyo mara mbili, tatu, na siku zote kuna anayecheka.

Wenye giza zuri watafute pia kidoa cha mviringo juu ya Msalaba, upande wa mashariki, ngumi tano juu ya upeo. Kwa macho ni kama nyota iliyopakwa mafuta. Kwa darubini ya mikono miwili ni mpira wa chembechembe: Omega Centauri, nyota kama milioni 10 zilizosongamana, miakanuru 17,000.

Julai hadi Septemba. Huu ndio msimu wangu. Mwishoni mwa Julai saa tatu usiku, tazama juu sana upande wa kusini: ndoana kubwa kama ya kuvulia papa, na katika shingo yake nyota nyekundu, Antares. Hiyo ni Nge, na kwa mara moja umbo la nyota linafanana na jina lake. Mkia wake umezama katika mkanda wa mwanga unaokata anga zima, Njia Nyeupe. Ni galaksi yetu tunayoitazama tukiwa ndani, na karibu na ncha ya mkia wa Nge ndipo kilipo kitovu chake, miakanuru 26,000. Pale katikati kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua milioni 4. Taswira yake ya kwanza ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Ulaya kitovu hiki hutambaa chini ya upeo kwenye ukungu. Kwetu kinapanda ngumi sita na nusu. Watu hulipa nauli ya ndege kukiona hivyo.

Oktoba na Novemba anga limepoa na sina mengi ya kusema, isipokuwa Andromeda, kidoa kirefu ngumi nne na nusu juu ya kaskazini, saa tatu usiku mwanzoni mwa Desemba au saa nne Novemba. Ni galaksi nyingine, miakanuru milioni 2.5, kitu cha mbali kuliko vyote unavyoweza kuona bila chombo.

Hatua ya 6: Tofautisha sayari na nyota

Nyota humetameta, sayari hutulia. Nyota ni nukta, hivyo hewa huitikisa; sayari ina upana kidogo, mtikisiko unajifuta. Karibu na upeo hata sayari huchezacheza, kwa hiyo hukumu zikiwa juu. Pia sayari hazitoki nje ya njia ya buruji, yaani makundi ya nyota linamopita jua: Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba na wenzao. Ukiona "nyota" ngeni inang'aa kati ya buruji, ambayo ramani haina, ni sayari.

Zuhura haiendi mbali na jua zaidi ya digrii 47. Huwezi kuiona usiku wa manane. Ni jioni magharibi au alfajiri mashariki, na inang'aa kiasi kwamba watu huidhania taa ya ndege. Mshtarii huzunguka jua kwa karibu miaka 12, hivyo kila mwaka husogea takriban buruji moja. Ukiijua mwaka huu, mwaka ujao utaikuta jirani. Mirihi hutukaribia kila miezi 26 hivi, na zamu inayokuja ni karibu na tarehe 19 Februari 2027. Itakuwa nyekundu, usiku kucha, ndani ya Simba. Zohali ni ya manjano hafifu, inajikokota, miaka 29 na nusu kumaliza mzunguko.

Hapa ndipo habari za safari za anga zinapopata uhai. Soma habari ya chombo, kisha usiku huohuo tafuta kilipo. Juno inaizunguka Mshtarii tangu Julai 2016, na Europa Clipper iliyorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 inaelekea hukohuko, itafika 2030. Perseverance ilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, na ndege ndogo iliyobebwa nayo ikapaa Aprili mwaka huo. Cassini iliizunguka Zohali tangu 2004 hadi ilipozamishwa ndani yake tarehe 15 Septemba 2017. Mwanafunzi mmoja aliniambia hakuwa akiamini habari hizi mpaka nilipomwonyesha "nyumba" yenyewe kwa kidole. Mwezini ni rahisi zaidi: mabaka meusi huitwa bahari, na Bahari ya Utulivu, ilipotua Apollo 11 tarehe 20 Julai 1969, inaonekana kwa macho kutoka uani kwako.

Hatua ya 7: Vinavyopita

Baada ya jua kutua hadi kama saa mbili usiku, na tena kabla ya alfajiri, utaona nukta zinazotembea bila kupepesa. Hizo ni setilaiti, zinamulikwa na jua ambalo kwetu limeshatua. Kubwa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko kilomita 400 hivi juu, kama safari ya basi kutoka Tanga hadi Arusha ila unakwenda juu, kinaizunguka Dunia kwa dakika 90, na hakijawahi kukosa watu ndani tangu tarehe 2 Novemba 2000. NASA ina huduma ya bure inayoitwa Spot the Station ya kukuambia kitapita lini juu ya eneo lako. Kinavuka anga kwa dakika chache, kisha mara nyingi kinazimika ghafla katikati: kimeingia kwenye kivuli cha Dunia. Watoto hupiga kelele hapo.

Pwani hii ina historia yake katika mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kituo Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa kwenye njia yake. Kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ukikutana na vitabu vya falaki vya dunia nzima, neno hilo la Kiswahili limo.

Hatua ya 8: Sasa nunua, ukitaka

Nunua kwanza darubini ya mikono miwili iliyoandikwa 7×50 au 10×50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo inayokusanya mwanga. Egemeza viwiko kifuani au kwenye ukuta, utaona miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610, ikibadilisha nafasi usiku hadi usiku.

Ukifika kwenye darubini ya miguu, usisome ukuzaji ulioandikwa kwenye boksi. Chukua upana wa kioo kwa milimita, zidisha mara mbili: huo ndio mwisho wa ukuzaji wenye maana. Yangu ilikuwa milimita 60, kwa hiyo mwisho wake ni 120, na ile 675 ilikuwa hadithi ya muuzaji. Miguu imara ina thamani kuliko lenzi ya tatu na ya nne. Na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo: hifadhi chombo kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Zohali inahitaji ukuzaji wa mara 25 na zaidi kuonyesha pete. Mwezi tazama ukiwa nusu, si mpevu. Mashimo yake huonekana pale kivuli kinapokutana na mwanga. Na kamwe, kamwe usielekeze chombo chochote kwenye jua.

Hatua ya 9: Tarehe za kuandika ukutani

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kaskazini ya Afrika na Makka. Kwetu litapatwa sehemu tu. Tumia miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi na beseni la maji havikulindi. Usipopata miwani, kaa chini ya mwembe. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipomiminika Rujewa, Mbarali, kuona pete ya jua, sisi Tanga lilipatwa sehemu, na ardhi yote chini ya mwembe wetu ilijaa vipande vya jua kama vya ndizi: kila mwanya kati ya majani ulikuwa unatupa picha. Hata chujio la nazi linafanya kazi hiyo.

Kupatwa kwa mwezi hakuhitaji kinga yoyote. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa kabisa, mapema tu, watoto hawajalala. Vimondo vingi zaidi huanguka usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kila mwaka. Ulale chali baada ya saa nne, utazame popote.

Na tarehe 13 Aprili 2029, Ijumaa usiku, jiwe linaloitwa Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita kilomita kama 32,000 kutoka hapa tulipo. Setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yetu ziko kilomita 36,000, kwa hiyo litapita chini yake. Halitatugonga, hesabu zimeshafanywa. Litaonekana kwa macho kutoka Afrika, nukta inayosogea taratibu kati ya nyota. Tatizo ni kwamba Aprili ni masika. Mimi nimeshaanza kuulizia ndugu walio bara, upande usiopata mvua nyingi.

Hatua ya 10: Daftari

La mwisho, na ndilo linalotenganisha anayetazama na anayesoma: andika. Mahali, saa, umri wa mwezi, upepo, ulichoona, ulichokosa. Usipambe. Huu ni ukurasa wangu mmoja kama ulivyo:

"Ijumaa 4 Oktoba 2024. Mwambani, saa 3:05 usiku. Mwezi wa siku mbili, umeshatua. Upepo kidogo, mawingu chini baharini, juu safi. Zohali: nimeijua kwa macho kabla ya kufungua chombo, shubiri tatu na nusu ngumi juu ya bahari, haimeti. Darubini ya zamani, miguu imefungwa kwenye debe la mchanga, lenzi ndogo kuliko zote, mara 45. Pete zimelala ubavu, uzi tu pande zote mbili, kama sindano iliyotoboa punje ya mtama. Mjomba ameangalia dakika nzima bila kusema. Kashata zimekwisha."